Ukungu wa Upande Mmoja

Nyuzi nyeupe zilikuwa zimeota tena kwenye kona ya droo, laini kama nywele za mtoto mchanga, na mke wangu alikuwa amelala ubavu akinitazama ninavyozitazama.

"Tena?" aliniuliza.

"Tena."

"Pole, Fundi."

Aliisema pole hiyo kwa upole mno, na mimi, maskini wa Mungu, niliipokea kwa mikono miwili. Nikaibeba droo hadi jikoni, nikang'oa pamba iliyooza niliyoioteshea mbegu, nikaanza kusugua. Nyuma yangu binti yetu alikuwa akikausha vyombo. Kati yetu sisi watatu, wawili walijua ukungu ule unatoka wapi. Aliyekuwa akisugua hakuwa mmoja wao.

Mimi ni fundi wa majokofu. Maisha yangu yote nimepigana na unyevu: mipira ya milango inayoota weusi, maji yanayotuama pasipoonekana, harufu ambayo mwenye nyumba anaapa kwamba haipo. Mke wangu alikuwa mwalimu wa hesabu, na sidhani kama mtaani kwetu kulikuwa na mtu aliyemwita kwa jina lake. Hata mimi nilimwita Mwalimu, naye akaniita Fundi, na binti yetu alipokuwa mdogo aliamini kwamba hayo ndiyo majina tuliyozaliwa nayo. Mwalimu alikuwa na ulimi mkali na kicheko cha ghafla, kicheko kinachomtoka mtu kabla hajakiruhusu. Mafumbo ya namba yanayochapishwa magazetini aliyatatua kama wengine wanavyotafuna karanga, moja baada ya jingine, huku akili yake ikiwa kwingine.

Siku alipoanguka, chaki ilikuwa mkononi. Wanafunzi walidhani anatania. Mwili ulimkaza, ukamtikisa, na alipozinduka alikuwa sakafuni na hakujua ni siku gani. Hospitali walituonyesha picha ya kichwa chake, na ndani ya picha hiyo kulikuwa na kitu cheupe kilichojikunja kama kokwa. Daktari hakutuzungusha. Uvimbe ulikuwa umekaa mahali ambapo kisu kisingefika bila kuharibu kila kitu. Kilichobaki kilikuwa kumpunguzia: kulikuwa na dawa ya kuzuia ile mitikisiko. Na kwa kuwa vidonge vilikuwa vinamkwama kooni, akapewa ya maji, ya rangi ya chungwa, tamu kama sharubati ya watoto.

Dawa ilifanya kazi yake. Mitikisiko ilikoma. Lakini na yeye alikoma kwa namna fulani. Alilala, akaamka, akalala. Ukimuuliza jambo, jibu lilikuja kwa kuchelewa, kama sauti ya mtu aliye mwisho wa korido. Nilimkuta asubuhi moja ameshika kalamu juu ya fumbo la namba. Nilikwenda sokoni, nikarudi, nikapika, nikamletea sahani, na kalamu ilikuwa palepale, haijagusa karatasi.

"Zinanikimbia," aliniambia.

"Nini?"

"Namba. Nazijua, lakini hazikai."

Nikamwambia apumzike. Ndivyo nilivyokuwa nikimwambia kila siku: pumzika, kula, umekunywa dawa?

Chakula nacho kilikuwa vita. Alisema kila kitu kina ladha ya gazeti lililoloana. Siku moja muuza viungo, ambaye friji lake nilikuwa nimelitengeneza, alinifungia mbegu ndogo nyekundu kwenye karatasi. Rishadi, alisema. Hazihitaji shamba wala udongo. Zitandaze juu ya pamba yenye unyevu, ziweke dirishani, na kabla wiki haijaisha utakuwa na majani madogo yenye ukali kama wa pilipili. Aliniongezea fungu dogo la majani yaliyokwisha kuota ili mgonjwa ayaonje.

Mwalimu aliweka jani moja ulimini. Akakunja uso. Akakohoa.

"Hii inauma!" alisema. Kisha akanyoosha mkono. "Hebu nipe tena."

Nilitoka chumbani nikasimama koridoni, nikajifanya natafuta kitu kabatini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu augue kuniomba kuongezewa chochote.

Basi nikawa mkulima. Nilichukua droo ya mboga kutoka kwenye friji bovu lililokuwa karakana, nikatandika pamba, nikamwaga mbegu zote kwa mara moja, nikazimwagilia kwa huruma, nikafunika kwa plastiki na kuliacha shamba langu lipate joto. Kwa haraka niliyokuwa nayo, nilitaka ziote jana. Mbegu za rishadi zikilowa hujivika ute, zikashikana kama mayai ya chura. Nilipofunua plastiki, nilikuta bonge la kijivu linalonuka kama soksi zilizosahauliwa kwenye mfuko.

Mimi, mtu wa unyevu, niliaibika. Nikaanza upya, sasa kwa adabu. Droo niliiosha kwa maji ya moto na siki. Pamba niliilowesha kisha nikaikamua, mpaka ukiibonyeza kwa kidole isitoe tone. Mbegu nilizinyunyiza chache, kila moja na nafasi yake, isikalie nyingine. Maji yaliyobaki chini niliyamwaga, sikuyaacha yatuame. Plastiki niliiondoa mara tu vichipukizi vilipoinua kichwa, kwa sababu baada ya hapo mmea unataka mwanga na hewa, na ukungu unataka giza na joto lililojifungia. Droo nikaiweka kwenye kizingiti cha dirisha, kando ya kitanda chake, mahali ambapo angeweza kunyoosha mkono na kuchuma mwenyewe.

Ilikuwa karibu na wakati huo Mwalimu alipoanza kurudi.

Sikuamini mwanzoni. Asubuhi moja nilikuta mizizi yote imezungukwa na manyoya meupe, nikaruka: ukungu tena, na safari hii droo nzima! Nilikuwa nimeshaikamata niitupe, aliponiita kutoka kitandani, kwa sauti yake ya darasani.

"Weka chini. Nyunyizia maji kwanza."

Nikanyunyizia. Manyoya yakalala, yakapotea, kama hayakuwahi kuwepo.

"Hizo ni nywele za mizizi," alisema. "Ukungu ungebaki. Na ungenuka. Umeishi miaka yote hiyo na mwalimu, bado unatupa kitu kabla ya kukipima?"

Akacheka kile kicheko chake cha ghafla. Na mimi nikakaa ukingoni mwa kitanda nikacheka naye mpaka machozi yakanitoka, na hayakuwa ya kicheko peke yake.

Tangu siku hiyo aliomba magazeti. Alitatua mafumbo, akanisomea habari, akanisahihisha. Alinipa hesabu za kijinga nikiwa navaa viatu, nikikosea ananiambia nibaki baada ya masomo. Niliamini najua sababu. Dawa imekubali, nikasema. Mwili ulikuwa unaizoea tu. Nilimwambia kinyozi, nilimwambia jirani wa ghorofa ya juu, nilimsimamisha mwalimu mkuu wake njiani nikamwambia. Nilimwambia hata daktari, naye akafurahi, akaandika. Binti yetu, aliyekuwa akija kila Jumamosi na chupa mpya kutoka hospitali, nilimpokea mlangoni kwa habari hiyo kana kwamba nimeshinda bahati nasibu.

"Dawa imekubali, mwanangu! Usiniletee mchezo na hiyo chupa, hiyo ni dhahabu."

Alinikumbatia. Kisha akanipa kisogo, akaanza kuosha kikombe ambacho kilikuwa kisafi.

Kisha ukungu ukaja kweli. Haukuwa nywele za mizizi. Huu ulibaki baada ya kunyunyizwa, ukageuka kijivu, kisha kijani, na ukanuka. Na ulikuwa na tabia ya ajabu: ulianzia kona moja tu, ile iliyo karibu na kichwa cha mke wangu. Upande mwingine wa droo rishadi ilistawi, imesimama wima, majani mabichi yanayong'aa, na ndipo Mwalimu alipokuwa akichuma, kila mara upande huo.

Nilitumia kila nililolijua. Nilibadilisha pamba, nikachemsha maji, nikanunua mbegu kwa mtu mwingine. Nilifunga kifeni kidogo nilichokitoa kwenye friji la duka, kipeperushe hewa juu ya majani taratibu. Niliigeuza droo, nikidhani kona yenyewe ina ufa unaotunza uchafu. Ukungu ukahama. Uliiacha kona ya zamani na kuanza kwenye hii mpya, ambayo sasa ndiyo iliyokuwa karibu na mto wake wa kulalia.

Nilifikiri sana. Mwishowe nikapata jibu, na kulisema kulinitia haya.

"Mwalimu, usikasirike. Nadhani ni pumzi yako. Ukilala unapumulia pale, unyevu unatua."

Alinitazama. Midomo ikaanza kumcheza.

"Unasema pumzi yangu inaotesha ukungu?"

"Sijasema hivyo..."

Alicheka mpaka akajikunja. Binti yetu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alicheka pia, lakini kicheko chake kilikatika katikati. Nikasema basi nitaihamishia droo jikoni. Ndipo wote wawili walipoacha kucheka.

"Iache hapo, baba," binti yetu alisema haraka. "Mama anapenda kuiona akiamka."

Nikaiacha. Nani angebisha na jambo zuri kama hilo?

Walionifumbua macho ni sisimizi.

Niliamka asubuhi nikakuta mstari mwembamba unapanda ukutani, unavuka kizingiti, unaingia kwenye droo, kwenye kona ileile. Mwalimu alikuwa bado amelala. Niliinama nikawatazama wakinywa kutoka kwenye pamba. Sisimizi hawafuati rishadi. Ni kali mno kwao. Hawafuati pumzi ya mtu. Katika kazi yangu nimeona sisimizi ndani ya mashine nyingi, na siku zote wamekuja kwa sababu moja. Nikabonyeza pamba kwa kidole. Nikaweka kidole ulimini.

Chungwa. Sharubati ya watoto.

Nilikaa kwenye kiti. Kwanza nilijaribu kumtetea: mkono wake unatetemeka, labda imemwagika. Lakini nilikumbuka jinsi alivyokuwa akinituma kila nilipompimia dawa. Niwekee hapo, nitainywa polepole. Nichemshie chai, Fundi. Nitazamie kama mtu wa magazeti amepita. Na mimi nilikuwa nikienda mbio, nikirudi nakuta kikombe kitupu, namsifu.

Alipofungua macho alinikuta nimeshika kile kipande cha pamba. Hakuuliza ni nini.

"Tangu lini?" nilisema.

"Tangu namba ziliporudi."

"Kwa hiyo hukupata nafuu kwa dawa."

"Nilipata nafuu ya dawa," alisema. "Kuondokana nayo."

Mlango wa mbele ulifunguliwa, ilikuwa Jumamosi. Binti yetu aliingia chumbani na mfuko wa hospitali mkononi, akaona pamba, akaona uso wangu. Nilimtazama nikisubiri ashtuke. Nilimwomba Mungu ashtuke. Aliweka mfuko chini taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Baba," alisema.

"Ulijua."

"Aliniomba."

"Ulikuwa ukiileta kila wiki. Ulijua inakwenda wapi, na ulikuwa ukiniletea."

Nikauliza lile ambalo sikutaka kulijua. "Mitikisiko. Imemrudia?"

"Mara chache," alisema binti yangu. "Ulikuwa karakana. Nilimlaza ubavu, ikapita."

Nikamgeukia mke wangu. Alikuwa amejiinua, ameegemea ukuta, na macho yake yalikuwa angavu, yale macho niliyoyasherehekea kwa mtaa mzima.

"Kwa nini si mimi?" nilimuuliza. "Mimi ndiye ninayekuogesha. Mimi ndiye ninayekupimia."

"Ndiyo maana," alisema. "Ningekuambia, ungefanya nini?"

"Ningekuomba uinywe."

"Ungeniomba. Ungelia. Nami nisingeweza kukuona unalia, ningeinywa, na ningekufa siku ile ile, halafu mwili ungebaki hapa unakula uji." Akavuta pumzi. "Yeye alilia pia. Lakini alipomaliza aliniuliza nataka nini. Wewe, Fundi, tangu niugue umeniuliza kila siku kama nimekunywa."

Watu wakisikia kisa hiki huniambia alikuwa na haki, kichwa ni chake na dawa ni yake. Najua. Hata siku ile nilijua. Kilichonichoma hakikuwa dawa. Ilikuwa ile furaha yangu. Siku nzuri kuliko zote tangu uvimbe ule uonekane nilizipata kwa kudanganywa, na kila nilipotangaza kwamba dawa imekubali, wao wawili walikuwa wakitazamana juu ya kichwa changu, kama watu wazima wanavyotazamana mtoto anaposimulia ndoto. Hata mapambano yangu na ukungu yalikuwa mchezo niliopewa ili nishughulike. Niliosha, nilichemsha, nilifunga feni, na aliyekuwa ananitazama alijua kwamba jioni ataumwagilia upya.

Chupa ya Jumamosi ile haikufunguliwa. Sikumpimia tena, wala sikumwuliza. Tuliongea yale ya lazima: maji, mto, dirisha. Binti yetu alikuja na kuondoka, nami nilihakikisha nina kazi karakana. Baada ya muda Mwalimu alininyooshea gazeti, kalamu juu yake, mraba mmoja ameuacha wazi. Niliutazama sana. Nikaandika namba.

"Siyo," alisema.

"Najua."

Akatabasamu, nami nikakaa. Hatukuwahi kulizungumza zaidi ya hapo. Alikuwa na asubuhi nyingi nzuri baada ya siku ile, sikatai, na katika nyingi ya hizo nilikuwepo. Kisha mtikisiko ukaja ambao haukupita. Nilimlaza ubavu kama binti yangu alivyonieleza, nikamshika kichwa kisigonge ukuta. Nilikuwa bado nimekasirika, na nilikuwa nimemshika. Yote mawili yalikuwa kweli mpaka mwisho, na ninapenda kuamini kwamba alijua.

Msiba ulipokwisha, mimi na binti yangu tulibaki kama wapangaji wa jengo moja. Alipiga simu, nilipokea. Hujambo, sijambo. Umekula, nimekula. Aliolewa na mwoka mikate, kijana mchangamfu anayepiga mluzi akitembea, na nilisimama kwenye harusi nikatabasamu kwenye picha zote. Sikumchukia. Lakini alipokuwa akinieleza jambo, lolote, hata habari ya mvua, kulikuwa na sehemu ndani yangu iliyojiuliza ni nini kilichobaki ambacho hanielezi.

Miaka miwili ikapita hivyo.

Alikuja karakana jioni moja nikiwa nafunga mlango wa friji la mtu. Alisimama kati ya mashine, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Baba, nimepimwa. Wameona kitu kwenye titi. Bado hawajui ni nini."

Niliweka bisibisi chini.

"Nimekuja kwako kwanza," alisema. "Nilitaka uwe wa kwanza kujua."

Siwezi kudanganya: mbele ya hofu, kulitangulia kitu kingine. Mimi niliyekuwa wa mwisho nilikuwa nimefanywa wa kwanza, na utamu wake ulinipanda mpaka kooni. Nilimshika mabega. Nilitaka kumwambia kwamba yamekwisha, kwamba hakuna tena deni la maneno kati yetu.

"Mumeo amesemaje?" niliuliza.

Akatazama chini. "Hajui. Anahangaika na tanuri jipya, halali. Sitaki kumtia wasiwasi bure. Nikishajua, nitamwambia." Akanishika mkono. "Tafadhali, baba. Iwe yetu sisi wawili."

Nilimfikiria yule kijana na mluzi wake. Nikamwona akimpokea mkewe mlangoni, akimwuliza siku imekwendaje, akiambiwa nzuri, akafurahi.

Baadaye walimfanyia upasuaji, akatibiwa, na ninaposimulia haya yu mzima, ana sauti ya kunigombeza kama mama yake. Lakini siku ile hatukujua lolote.

"Vaa koti," nilimwambia.

"Tunakwenda wapi?"

"Kwako."

Alinielewa. Alisimama akaanza kulia, bila sauti, na mimi nilizima taa za karakana nikamngoja amalize. Tulitembea hadi kwake. Mlangoni kwake alianza kutafuta ufunguo kwenye mkoba, akachelewa kuupata, nikabonyeza kengele mimi. Mkwe wangu alifungua akiwa na unga mpaka viwikoni.

"Baba! Karibu, karibu ndani, leo jua limetokea wapi?"

"Mkeo ana jambo la kukwambia," nilisema.

Nikamsogeza binti yangu mbele kidogo, nikavuta mlango nyuma yao, nikakaa kwenye ngazi.